Shangazi Cicily wa Ukurasa wa Saba

Kati ya watu wote waliokuwa wakiandika habari za pesa magazetini mwaka ule wa 1996, Gatwiri alimwamini mmoja tu. Wengine aliwasoma kwa sababu ilikuwa kazi yake kuyafungua magazeti kila asubuhi katika maktaba ya mjini Meru, kuyapiga muhuri na kuyapanga mezani kabla wasomaji hawajaingia. Kulikuwa na bwana mmoja wa Nairobi aliyeandika kuhusu hisa kana kwamba kila msomaji wake ana gari. Kulikuwa na jarida la kanisa lililotaja fungu la kumi kisha likanyamaza. Kulikuwa pia na kijikaratasi kilichoahidi utajiri kwa miezi mitatu, na hicho Gatwiri alikifungia maandazi.

Shangazi Cicily alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliandika katika *Bidii*, gazeti dogo lililochapishwa Embu kila baada ya wiki mbili, ukurasa wa saba, chini ya mchoro wa mama aliyejifunga kitambaa kichwani. Alijua kwamba bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka na kuisha kwa wiki moja. Alijua mke amwambie nini mume aliyekunywa karo, na amwambie saa ngapi. Wanawake wa sokoni walikuwa wakipita maktabani wakielekea nyumbani, wanamuuliza Gatwiri, "Wiki hii tusome nani?" Naye hakuwahi kusita. Alikuwa akiwafungulia ukurasa wa saba.

Ndiyo maana Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la samawati, akashuka mjini Embu saa sita kasoro akiwa na kiondo cha viazi na minji kutoka shambani kwao Kiirua. Alikuwa amebakiza wiki tano aolewe. Alitaka kumwona Shangazi Cicily ana kwa ana, amshukuru, na amkabidhi kadi ya mwaliko kwa mikono miwili.

Mchumba wake, Muriithi Nyamu, alifanya kazi katika gazeti hilo hilo, akisahihisha kurasa kabla hazijachapishwa. Mara nyingi Gatwiri alikuwa amemwomba ampeleke kwa Shangazi. Muriithi alikuwa na jibu moja: Shangazi ni mama mstaafu wa benki, anakaa Runyenjes, anatuma makala kwa posta na hapendi wageni. Basi Gatwiri akaamua kwenda mwenyewe, bila kumwambia. Aliona kama atamfurahisha.

Ofisi ya *Bidii* ilikuwa juu ya duka la mbolea. Mezani alikaa msichana mgeni kazini, kibandiko kifuani kikimtaja kuwa Caroline.

"Habari ya kazi," Gatwiri alisema. "Nilikuwa naomba kuelekezwa kwa Shangazi Cicily. Najua anakaa Runyenjes, lakini sijui ni upande gani."

Caroline akacheka, kicheko kizuri kisicho na ubaya wowote. "Shangazi? Ametoka kidogo kwenda kula. Keti, dada, atarudi."

"Yuko hapa leo?"

"Yuko hapa kila siku. Kwani hukujua? Shangazi ni Muriithi. Sisi hapa tunamwitanga hivyo mpaka tumesahau jina lake."

Gatwiri aliweka kiondo chini. "Muriithi gani?"

"Muriithi Nyamu. Yule mrefu. Barua zote za wasomaji zinaenda kwake, na hataki mtu mwingine azifungue. Anasema ni siri za watu." Caroline alimtazama, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Dada, uko sawa? Nikuletee maji?"

"Niko sawa. Akirudi, mwambie Gatwiri anamngojea kwake nyumbani."

Alitembea mpaka mtaa wa Dallas, kiondo kikimwuma begani. Mbele ya chumba cha Muriithi kulikuwa na kizingiti cha saruji kilichopata jua. Akakaa hapo, na barua aliyokuwa amemwandikia Shangazi ikamrudia neno kwa neno.

Aliiandika mwezi wa Machi. Wakati huo alikuwa na akiba ya miaka mitano na alikuwa akipatana bei ya ploti ndogo Kiirua, karibu na barabara ya Nanyuki, ploti ambayo ingeandikwa kwa jina lake. Muriithi alikuwa na ndoto nyingine. Alitaka waunganishe akiba zao wanunue mashine ya kuchapia iliyotumika, wafungue duka la kadi na kalenda. Gatwiri alimpenda, lakini aliogopa. Baba yake, Mzee Kithinji, hakumpenda kijana huyo. "Simkatai kwa sababu ni wa Embu," alikuwa akisema. "Namkataa kwa sababu sijaelewa anafanya nini. Mtu akiniambia analima, naenda naona shamba."

Kwa hivyo Gatwiri alitafuta mtu wa kumuuliza ambaye si wa upande wowote. Akamwandikia Shangazi Cicily, akajiita Binti wa Kiirua. Akamwambia yote. Akamwambia kwamba mchumba wake ni mpole lakini hajawahi kumwonyesha mshahara wake, na ukimuuliza jambo la pesa anageuza maneno. Akamwambia pia kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba alipokuwa na miaka kumi alimsikia mama yake akilia ghalani, kwa sababu baba alikuwa amechukua pesa zote za pareto za mama akazitia katika kinu cha kusagia cha rafiki yake, na rafiki akatoweka nazo. Mama hakulizungumza tena. Hata leo hakujua kwamba binti yake alisikia.

Jibu lilitoka katikati ya Aprili. "Binti yangu," Shangazi aliandika, "mwanamume anayekuonyesha mshahara wake hana cha kukuficha. Mwangalie. Akikuonyesha bila kuombwa, unganisheni akiba, na kila hundi iwe na sahihi mbili."

Siku chache kabla gazeti hilo halijatoka, Muriithi alikuwa ameketi naye katika hoteli moja Meru, wakinywa chai, akatoa payslip, karatasi ya mshahara, mfukoni na kuilaza mezani mbele yake. "Nimeona ni vizuri ujue," alisema, huku akimwangalia kwa macho yale yanayotabasamu kabla ya mdomo. Gatwiri alihisi moyo wake umepata kwao. Ploti akaiacha, ikanunuliwa na mtu wa Timau. Akaunti ikafunguliwa, majina mawili, sahihi mbili.

Sasa alikaa kwenye kizingiti na kuhesabu zile siku, na kila siku aliyoigusa ilimchoma.

Muriithi alikuja akikimbia. Alisimama hatua tatu kutoka kwake, vidole vyake bado vina wino, kifua kikipanda na kushuka.

"Gatwiri."

"Shangazi," alimjibu.

Muriithi alifunga macho. Kisha akafungua mlango, akamwambia aingie, kwa sababu jirani alikuwa ameacha kufua akasimama kusikiliza. Gatwiri aliingia lakini hakukaa.

"Nilikuwa nataka kukuambia," Muriithi alisema.

"Lini?"

"Baada ya harusi."

"Kwa nini si kabla?"

Muriithi alivuta kiti, akakiacha. "Sikuanzisha mimi. Aliyeandika kwanza alikuwa mama wa kweli, Cicily kweli, wa Runyenjes kweli. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Mhariri akasema wasomaji wasijue, gazeti litaanguka. Nikapewa ukurasa. Nilisoma vitabu, niliuliza watu wa benki, sijawahi kumshauri mtu jambo la ovyo. Uliza yeyote."

"Sijaja kuuliza kuhusu watu wengine. Barua yangu uliijua?"

"Gatwiri, nina barua zako zaidi ya arobaini. Mwandiko wako nitaujua hata gizani."

"Ukaisoma mpaka mwisho."

"Nikaisoma mpaka mwisho. Wewe ungeiacha?"

Gatwiri alifikiri, kwa sababu hakutaka kumjibu kwa hasira tu. "Ningeisoma," alisema. "Halafu ningekuambia jioni ile ile kwamba nimeisoma."

Muriithi aliinamisha kichwa. Nje maji yalimwagwa uani, na ndoo ikawekwa chini polepole.

"Jibu langu lilikuwa la kweli," alisema baadaye. "Nionyeshe neno moja la uongo. Mshahara niliokuonyesha ni ule ule ninaoupata. Pesa ziko benki, hata shilingi haijaguswa. Nilikushauri vile ningemshauri dada yangu."

"Hukunishauri. Ulijiombea kazi na ukajiandikia barua ya kukusifu."

"Nilikupenda."

"Najua. Hilo ndilo linaniumiza." Akakitua kiondo sakafuni. "Ile siku ya chai ulipotoa payslip, nilidhani umeamua mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikalala nikicheka peke yangu. Kumbe ulikuwa umesoma mahali panaponiuma, ukaja umebeba dawa. Na mama yangu je?"

"Mama yako?"

"Usiniulize 'Mama yako?' kana kwamba hujui. Juni ulikaa jikoni kwake, ukashika kikombe cha uji, ukamwambia, 'Mama, pesa za Gatwiri hazitatoka benki bila mkono wake.' Alilia, Muriithi. Alikwenda kwa baba usiku huo huo, akamwambia huyu kijana ni mtu. Miaka kumi na saba mama hajambishia baba neno, akambishia kwa ajili yako. Nikajiuliza, nani amemwambia Muriithi kwamba hayo ndiyo maneno mama amekuwa akiyangojea? Nikasema ni Mungu."

Muriithi alikuwa amekaa sasa, viwiko magotini. "Nilitaka anikubali," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yako alikuwa hanitazami usoni. Sikuwa na ng'ombe wengi, sikuwa na shamba la kumwonyesha. Nilikuwa na ile barua tu."

"Ile barua haikuwa yako."

"Iliandikwa kwangu."

"Iliandikwa kwa mama wa Runyenjes ambaye sitamwona maishani. Ndiyo maana niliweza kuiandika."

Kisha Muriithi aliinuka, akanyoosha mkono taratibu mpaka vidole vyake vikagusa kiganja cha Gatwiri. Mwili wake Gatwiri ulikuwa haujapata habari. Ulimjua huyu mtu, ulijua harufu ya wino na sabuni ya kipande, na ulitaka kumwegemea kama ulivyozoea. Alikaa hivyo kitambo, kisha akautoa mkono wake.

"Nipe toleo moja," Muriithi alisema. "Moja tu. Lijalo nitaandika kwa jina langu. Nitasema Shangazi ni nani, na tangu lini, na nitawaomba watu msamaha."

"Mhariri atakufukuza."

"Anifukuze. Mashine tutanunua, tutachapa kadi. Bora usiende hivi."

Gatwiri alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hayakutabasamu. Akamwamini.

"Toleo moja," alisema. Akaacha viazi na minji sakafuni, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuvirudisha Meru.

Wiki mbili hizo hakuna aliyejua kitu nyumbani. Mama alikuwa akifuma vitambaa vya kochi vya kumpa binti yake, kila jioni akiuliza kama rangi ya krimu itapendeza Embu. Baba aliuliza mara moja tu, akiwa anakwaruza matope jembeni.

"Huyo wako amenyamaza. Hajafika Jumapili mbili."

"Ana kazi nyingi, baba."

"Kazi ya kuandika."

"Ndiyo, baba."

Mzee Kithinji alimwangalia kidogo zaidi ya kawaida yake. Gatwiri alikwenda nyuma ya nyumba akalia kimya, halafu akanawa uso na kwenda kukamua. Alimkosa Muriithi mpaka akakasirika na nafsi yake. Usiku alimtungia maneno ya kuandika: *Mimi Muriithi Nyamu*. Aliona kama akianza hivyo tu, mengine yote yatasameheka.

Alhamisi ya toleo, *Bidii* lilichelewa. Kifurushi kilifika saa nane mchana, na kabla Gatwiri hajakata kamba, Mama Kirimi alikuwa amesimama mbele yake. Mama Kirimi aliuza maharagwe sokoni, na kwa kuwa ndiye pekee kati ya wenzake mwenye miwani, ndiye aliyewasomea. Wanawake wengine wawili walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi.

"Nipe ukurasa wangu, mwari," Mama Kirimi alisema.

Gatwiri aliligeuza gazeti mwenyewe. Ukurasa wa saba, na juu yake mama aliyejifunga kitambaa, akitabasamu vile vile.

Mama Kirimi alilichukua, akakaa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, polepole, kidole chini ya mstari. Barua ya leo ilitoka kwa kijana wa Embu. Alikuwa amemkosea mchumba wake kwa kumpenda kupita kiasi, na sasa mchumba anataka kuvunja harusi. Afanye nini? Na Shangazi akamjibu kwamba aliyekosea kwa sababu ya mapenzi hakukosea kwa ubaya. "Na wewe binti," Mama Kirimi alisoma, "ukiwa unasoma hapa, jiulize utampata wapi mwingine wa kukuonyesha mshahara wake bila kuombwa. Usiwaache wazazi wako wakaaibika kwa jambo linaloweza kuzungumzwa chumbani."

"Amesema vizuri," mmoja wa wale wanawake alisema.

"Vizuri sana," Mama Kirimi alikubali. "Msichana amsamehe tu. Wasichana wa siku hizi wanataka malaika."

Gatwiri alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mikono yote miwili juu ya mbao. Alikuwa ametarajia kuhisi joto la hasira. Badala yake alihisi baridi, kama mtu aliyetoka nje asubuhi bila sweta.

"Hakuna Shangazi, mama," alisema.

Mama Kirimi aliinua uso. "Unasemaje?"

"Hakuna Shangazi Cicily. Alikuwepo, akafariki miaka mitatu iliyopita. Anayeandika sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, anakaa Dallas, Embu. Barua hiyo amejiandikia mwenyewe, na amejijibu mwenyewe."

"Wewe umejuaje?"

"Huyo msichana ni mimi."

Mzee aliyekuwa akisoma kurasa za michezo alilishusha gazeti lake, kisha akalipandisha tena kwa heshima. Mama Kirimi alivua miwani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo na machovu.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilimwandikia mwaka jana." Aliikunja miwani, akaikunjua. "Nilimwandikia mambo ya bwanangu. Mambo ya chumbani. Nilidhani ni mama mwenzangu."

Mwenzake alisogea kwenye benchi, akamwekea mkono mgongoni. Gatwiri alitoka nyuma ya kaunta, akapiga magoti mbele yake, na kwa kuwa hakujua la kusema, akasema, "Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekufungulia ukurasa."

"Wewe hukujua."

"Sikujua."

"Basi inuka. Utachafua gauni."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa, na mkuu wake, Bwana Bundi, akatoa kichwa. "Gatwiri, simu yako. Ya kutoka Embu."

Alikwenda akainua mkono wa simu. Alisikia kwanza kelele za mashine, halafu pumzi ya Muriithi.

"Limefika?" Muriithi aliuliza.

"Limefika."

"Umesoma?"

"Nimesomewa."

"Mhariri alikataa ile nyingine, Gatwiri. Niliiandika, naapa. Akasema nisubiri mpaka Januari. Nikaona nisikuache bila neno. Nikaona angalau nikuambie kwa njia iliyopo." Alisubiri. "Sema kitu. Hata unitukane."

Kupitia mlango ulioachwa wazi Gatwiri aliwaona wanawake wale watatu wakikusanya mifuko yao, Mama Kirimi akiwa katikati, gazeti limeachwa kwenye benchi. Aliifikiria jioni inayomngoja Kiirua. Atamwambia mama kwanza, jikoni, na atamwambia pia lile la ghalani, kwa sababu sasa mama alikuwa na haki ya kujua ni akina nani wamelisikia. Kisha atamwambia baba. Alijua baba hatamcheka.

"Kesho saa tatu na nusu nitakuwa benki," alisema. "Nataka kuifunga akaunti, kila mtu achukue alichoweka. Inahitaji sahihi mbili."

"Gatwiri, tafadhali. Tuonane kwanza, tuongee."

"Tutaonana hapo. Uje na kitambulisho."

"Kitambulisho cha nini?"

"Chako," Gatwiri alisema. "Kile chenye jina lako."